Somo: Wimbo wa Jina Langu

Wakati wa kukimbia vita, mtoto mwenye ulemavu wa akili hupotea upesi, na pengine hawezi kutaja jina la mama yake. Lakini mara nyingi neno la kuimbwa hukaa kichwani kuliko neno la kusemwa tu.

Ndugu wazazi na viongozi, fanyeni hivi:

1. Tungeni wimbo mfupi: jina lake, jina la mama, jina la kijiji.

2. Pigeni bidoni tupu polepole. Kishindo kikubwa kinaweza kumkumbusha risasi.

3. Imbeni kila siku saa ile ile. Msimharakishe.

4. Waiteni watoto wengine waitikie. Ni vigumu kumcheka mwenzako mnayeimba naye.

Tujadiliane: Katika kambi yetu, kuna mtoto anayefichwa kibandani? Nani atamwendea?