Usiku wa Tuzo wa Bibi Laura Keene

Katika karne ya 19 mwigizaji wa Uingereza au wa Marekani hakutegemea mshahara peke yake. Palikuwa na desturi ya kumtengea usiku mmoja ambao fedha zilizolipwa mlangoni, zikiisha kutolewa gharama za taa, wapiga muziki na wafanya kazi, zilikuwa mali yake. Usiku huo waweza kuitwa usiku wa tuzo, kwa kuwa maana yake si mbali na ile ya watu wa pwani wanapomtuza mwimbaji hodari; ila tuzo hii ilikusanywa kwa tiketi. Basi mwenye usiku wake alichagua mchezo unaopendwa sana, akabandika matangazo mapema, na akatumaini kwamba mtu mkubwa atahudhuria, maana mkubwa akienda mahali wengi humfuata.

Ijumaa tarehe 14 Aprili 1865, mjini Washington, usiku wa namna hiyo ulikuwa wa Bibi Laura Keene. Tangazo la jumba la Ford lilimtaja kuwa meneja, mtungaji na mwigizaji, na sifa ya umeneja ndiyo iliyotangulia. Haikuwa sifa ya bure. Bibi huyo alizaliwa Uingereza, akavuka bahari kwenda Marekani, na mwaka wa 1855 akathubutu kuendesha jumba la michezo yeye mwenyewe mjini New York, ambako kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanaume. Kabla hajafungua, watu wasiojulikana waliingia wakayakatakata kwa visu mapazia yake yaliyochorwa. Baada ya msimu mmoja tu alinyang'anywa jumba lenyewe kwa sababu ya kasoro katika mkataba wa kupanga. Hakurudi nyuma. Mwezi wa Novemba 1856 alifungua jumba jipya lenye jina lake katika barabara ya Broadway, akaliongoza mpaka mwaka wa 1863. Yeye ndiye aliyechagua michezo, aliyewafundisha waigizaji na aliyewalipa, na jioni alipanda jukwaani kuigiza.

Mchezo uliompatia sifa kubwa uliitwa Our American Cousin, kazi ya Mwingereza Tom Taylor. Ni hadithi ya kuchekesha ya Mmarekani wa shamba, asiyejua adabu za wakubwa, anayekwenda Uingereza kwa jamaa zake wenye fahari. Bibi Keene aliununua, akauonyesha mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 1858, nao ukaendelea karibu miezi mitano mfululizo, jambo lililokuwa nadra siku hizo. Mameneja wengine walipouigiza bila ruhusa yake, aliwapeleka mahakamani. Mchezo huo ndio aliouchagua kwa usiku wake wa tuzo, uliokuwa pia usiku wake wa mwisho katika jumba la Ford.

Wakati ulikuwa mzuri na tena ulikuwa mbaya. Siku tano kabla, Jemadari Lee alikuwa amesalimu amri, na mji ulijaa furaha ya kwisha kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini siku yenyewe ilikuwa Ijumaa Kuu, ambayo Wakristo wengi hawakuona vema kwenda kucheka. Asubuhi ikaja habari njema: Rais Abraham Lincoln na mkewe watahudhuria. Wenye jumba walipeleka tangazo katika magazeti ya jioni mara moja, wakalipamba kwa bendera sebule la juu atakapokaa Rais. Habari hiyo iliyotangazwa ili kuwavuta watu ilimfikia pia mwigizaji John Wilkes Booth, aliyefika jumbani mchana kuchukua barua zake.

Rais alichelewa kidogo. Mchezo ukasimamishwa, muziki wa heshima ukapigwa, kisha vicheko vikaendelea. Booth aliujua mchezo ule vizuri, hata maneno gani yangewachekesha watu kwa kelele nyingi. Yapata saa nne na robo usiku, mwigizaji Harry Hawk akiwa peke yake jukwaani, Booth alimpiga Rais risasi kichwani, akaruka chini jukwaani, akatoroka kwa mlango wa nyuma.

Watu walipiga makelele wakasukumana. Bibi Keene alitoka mbele ya taa akawasihi watulie. Kisha akapanda mpaka sebule la Rais. Charles Leale, daktari kijana wa jeshi aliyefika wa kwanza kumtibu, aliandika miaka mingi baadaye kwamba Bibi huyo aliomba ruhusa akakipakata kichwa cha Rais. Lincoln alihamishwa katika nyumba iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akafariki asubuhi saa moja na dakika 22.

Waigizaji walishukiwa. Bibi Keene na wenzake wawili walikamatwa njiani mjini Harrisburg, wakaachiliwa baada ya muda mfupi. Jumba la Ford lilifungwa kwa amri ya serikali, na michezo haikurudi humo mpaka mwaka wa 1968. Bibi Keene aliendelea kusafiri na kuigiza, ingawa afya yake ilidhoofika, akafariki kwa kifua kikuu mwezi wa Novemba 1873. Kipande cha mkono wa nguo aliyovaa usiku ule, chenye madoa ya damu, kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington.