SOMO: SHILINGI YA AFYA NA HESABU YAKE

Wanachama,

Kila msimu wa karafuu mwenye shamba hukabiliwa na hesabu moja. Wachumaji wawili wamekuja kutaka kazi. Mmoja anataka ujira wa kawaida kwa pishi, na wa pili anakubali pungufu. Asiyejua hesabu humchukua wa pili. Lakini mchumaji yule huyavuta matawi mpaka yakavunjika, na msimu wa mbele mti hauzai kama ulivyozoea. Basi rahisi imegeuka kuwa ghali. Mkulima mwenye busara haulizi tu, “Nitalipa kiasi gani?” Huuliza pia, “Kwa kila shilingi nitakayotoa nitapata nini, leo na msimu ujao?”

Hesabu hiyo hiyo hutumika katika mambo ya afya. Nasi yatupasa kuijua, maana siku hizi husikika watu hapa visiwani wakisema, “Malaria imepungua, vyandarua vya nini tena?” Kabla ya kujibu, na tutazame mfano wa bara, katika bonde la Mto Kilombero, mkoa wa Morogoro.

Mji mkubwa wa bonde hilo ni Ifakara. Wenyeji hulima mpunga, na wakati wa mvua mto hufurika, maji yakatuama, na mbu wakazaana kwa wingi. Wakulima wengi huhamia katika vibanda vya mashambani pamoja na watoto wao, mbali na zahanati. Aliyekwisha kulala katika kambi ya uchumaji anaijua hali hiyo. Hapo Ifakara, mwaka 1957, Bwana Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha maabara ya utafiti, ambayo leo imekuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara.

Baina ya mwaka 1996 na 2000 wataalamu wa Ifakara na wenzao waliendesha mpango wa vyandarua vyenye dawa ya kuua mbu katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Vyandarua na dawa yake viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Kina mama wajawazito na wenye watoto wadogo walipewa hati ya kupunguziwa bei. Je, fedha zile zilitumika vizuri? Hesabu yake ina hatua tano.

La kwanza: hesabu gharama zote. Watu wengi hutaja bei ya chandarua peke yake. Lakini kuna usafiri, ghala, mishahara, matangazo, mafunzo, na dawa ya kutia tena, kwani dawa za wakati ule zilipungua nguvu kwa kufuliwa. Tena ziko fedha alizotoa mnunuzi mwenyewe. Shilingi iliyotoka mfukoni mwa mkulima ni shilingi kama ile ya serikali, nayo lazima iandikwe.

La pili: hesabu kilichopatikana, si kilichogawiwa. Wingi wa vyandarua vilivyouzwa si faida, kama vile wingi wa vikapu vya karafuu mbichi si karafuu kavu. Kwa hiyo, tokea Septemba 1996, katika vijiji 25 watu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa na waliokufa. Mwanzoni watoto wachanga waliolala katika chandarua chenye dawa hawakufika asilimia 10. Baada ya miaka mitatu walizidi nusu. Kwa watoto wa tokea mwezi mmoja mpaka miaka minne, chandarua chenye dawa kilionekana kuongeza kunusurika kwa asilimia 27. Hata mwaka 1999, ambapo katika wilaya hizo mbili ni asilimia 18 tu ya watoto wote wa chini ya miaka mitano waliokuwa na kinga hiyo, ilikadiriwa kwamba kifo kimoja katika kila vifo 20 vya watoto kilikuwa kimezuiwa.

La tatu: gawanya, kisha linganisha. Walipogawanya gharama kwa faida, walipata kiasi cha dola 1,560 za Kimarekani kwa kila kifo kilichozuiwa, au dola 57 kwa kila mwaka mmoja wa uhai wenye afya. Je, ni nyingi au ni chache? Tarakimu peke yake haijibu. Lazima iwekwe kando ya kazi nyingine ambayo fedha zile zile zingeweza kufanya: chanjo, visima, au vitanda vya hospitali. Ile inayotoa uhai mwingi zaidi kwa shilingi moja ndiyo itangulie.

La nne: tazama nani amepata. Jumla nzuri yaweza kumficha maskini. Mwaka 1997, katika nyumba maskini kabisa za bonde lile, kiasi cha moja katika kila tano ndiyo iliyokuwa na chandarua. Mwaka 2000 zilizidi nusu, ijapokuwa wenye nafasi walikuwa wangali mbele. Hapo palizuka hoja. Wako waliosema kitu cha kununua hutunzwa. Wako waliosema mtoto wa maskini hawezi kungoja mpaka baba yake auze mpunga. Mwaka 2004 Tanzania Bara ilianza Hati Punguzo kwa nchi nzima, na baadaye vyandarua viligawiwa bure.

La tano: rudia hesabu yako. Mbu nao hujifunza, na dawa ya jana huwa haiwaui tena. Katika wilaya ya Misungwi, mkoa wa Mwanza, ilijaribiwa aina mpya ya chandarua chenye dawa mbili. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kwa miaka miwili watoto wa huko waliugua malaria kwa asilimia 44 pungufu kuliko wale wa vyandarua vya kawaida. Chandarua hicho ni ghali zaidi dukani, lakini kwa hesabu tuliyojifunza ndicho chenye faida.

Sasa turudi kwetu. Unguja na Pemba zilipigwa dawa ya DDT majumbani, malaria ikapungua sana. Kazi ile ikasimamishwa mwaka 1968, na malaria ikarudi. Baada ya mwaka 2003, kwa dawa mpya za kutibu, vyandarua na upigaji dawa, maambukizi yalishuka tena hata chini ya asilimia 1. Basi anayesema “vyandarua vya nini tena?” anahesabu bei ya kuendelea, akasahau bei ya kuacha. Ni sawa na mwenye shamba anayeacha kupalilia kwa kuwa haoni magugu.

Kwa hiyo, mwanachama, likija jambo la afya katika mkutano wa shehia, uliza: Gharama zote ni ngapi? Uhai gani umepatikana? Fedha hizi zingefanya nini kwingine? Nani hajafikiwa? Na tukiacha, tutalipa nini? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na watoto wetu ni zaidi ya mali.