Mchezo Usio na Refa



Vijana wa parishi wameniuliza ni mchezo gani ambao wavulana na wasichana wanaweza kuucheza pamoja katika timu moja, tena usio na gharama kubwa. Nimewajibu kwamba wajifunze altimeti. Kwa kuwa wengi hawaujui, na wazee wenzangu wengine wamekwisha kunung'unika kuwa ni mchezo wa kutupa sahani, nimeona yafaa niueleze hapa.

Lakini kwanza niungame jambo. Katika miaka yangu ya ualimu nilipuliza filimbi mara nyingi kwenye mechi za mpira za shule. Siku moja mtoto wa darasa la saba alifunga bao la ushindi. Mimi nilikuwa nimeachwa nyuma, sikuona vizuri, nikalikubali. Jioni nikawasikia watoto wakicheka kwamba mpira ule aliusukuma kwa mkono. Nikamwita, nikamwuliza kama ni kweli. Akanijibu, "Ndiyo, Mwalimu. Lakini si hukupuliza?" Hakusema kwa ufidhuli. Alikuwa akinieleza sheria kama alivyoielewa, kwamba kosa ni lile analoliona refa. Na nani aliyemfundisha hivyo, ila sisi wenye filimbi? Nilimwacha aende zake, na matokeo sikuyabadili.

Altimeti haina filimbi. Mchezo huu ulianzia mwaka 1968 katika shule ya Columbia High School, mjini Maplewood, jimbo la New Jersey, Marekani. Mwanafunzi aitwaye Joel Silver ndiye aliyetoa wazo hilo kwa wenzake, nao wakawa wakicheza usiku katika uwanja wa kuegeshea magari ya wanafunzi. Mwaka 1970 walipambana na shule jirani ya Millburn, na mwaka 1972 vyuo vikuu vya Rutgers na Princeton vikakutana. Leo mchezo huu una shirikisho la dunia, lililoundwa mwaka 1985 na kutambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2015. Huku kwetu Afrika Mashariki unachezwa Kenya na Uganda.

Wachezaji ni saba kila upande. Uwanja kamili una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila mwisho pana eneo la mita 18. Ukidaka kisahani ndani ya eneo unaloshambulia, umepata pointi moja. Mwenye kisahani haruhusiwi kukimbia nacho. Hukita mguu mmoja chini, akageuka huku na huku kutafuta wa kumrushia. Anayemlinda huhesabu kwa sauti, sekunde moja moja, na akifika kumi kabla kisahani hakijatoka mkononi, kinakuwa cha upande wa pili. Kikianguka chini au kikidakwa na adui, vivyo hivyo.

Kisahani cha mashindano kina uzito wa gramu 175. Kinachokizuia kisiyumbe ni kuzunguka kwake, kama pia ya watoto inavyosimama ikizunguka na kulala ikichoka. Kwa hiyo anayejifunza asitumie nguvu za bega. Kwa mrusho wa kwanza, weka kidole gumba juu, vidole vingine uvikunje chini ndani ya ukingo. Simama ubavu ukimwelekea mwenzako, pitisha mkono mbele ya tumbo hadi upande wa pili, kisha uufungue kama mtu avutaye pazia, na mwisho kabisa chapa kwa kifundo cha mkono. Kisahani kiachwe kikiwa bapa, kwani kikiinamishwa hupinda na kuishia kwenye michongoma. Mrusho wa pili ni mgumu zaidi: kidole cha shahada na cha kati hukaa ndani ya ukingo, kiwiko karibu na ubavu, na mchapo ni wa kifundo tu. Huu utawatoa jasho, msikate tamaa. Kudaka ni viganja viwili, kimoja juu na kimoja chini, kama taya za mamba.

Sasa tufike penye shabaha yangu. Tuseme binti mmoja anaruka kudaka, na kijana wa upande wa pili anamgonga mkono, kisahani kinaanguka. Binti hupaza sauti mara moja, "Faulo!" Mchezo husimama, wala hakuna mkubwa wa kukimbiliwa. Hao wawili husogeleana, na binti hueleza kilichotokea. Kijana akikubali, binti hupewa kisahani kana kwamba alikidaka. Kijana asipokubali, naye hueleza alivyoona yeye, kwa ufupi na bila kufoka. Wanaweza kuwauliza wenzao waliokuwa mahali pazuri pa kuona. Ikiwa bado hawakuafikiana, kisahani hurudishwa kwa aliyekirusha, na mchezo huendelea kama vile mrusho ule haukufanyika. Hakuna aliyeshinda ubishi.

Tena, ukidaka na mguu umekanyaga mstari wa pembeni, umetoka nje, na wewe uliyedaka ndiwe unayepaswa kusema. Mwenzako wa timu moja akidai faulo isiyokuwapo, wajibu wako ni kumwambia kwamba amekosea. Hili la pili ndilo gumu kuliko yote, na nimeona watu wazima katika vikao vyetu wakilishindwa.

Mtu atauliza, je, mwongo hatashinda? Anaweza kushinda siku moja. Sheria za mchezo huu zimejengwa juu ya imani kwamba hakuna atakayezivunja kwa makusudi, kwa hiyo hazitoi adhabu kali. Hurudisha tu hali kama ingalivyokuwa. Hata hivyo baada ya mechi kila timu huwapa wapinzani alama, kuanzia 0 hadi 4, kwa mambo matano: kuzijua na kuzitumia sheria, kuepuka kugongana, haki, kujitawala pamoja na moyo mwema, na jinsi ya kusema na wenzao. Timu huketi au husimama katika duara moja, zimechanganyika, zikaambiana yaliyokuwa mema na yaliyokuwa mabaya.

Nisiwafiche kwamba huko Marekani ligi ya kulipwa iliyoanza mwaka 2012 imeweka waamuzi. Katika mashindano makubwa ya dunia pia huwapo washauri wa kueleza sheria, ingawa uamuzi hubaki kwa wachezaji. Siwalaumu wale wa ligi. Penye fedha na watazamaji waliolipa kiingilio, subira hupungua. Lakini sisi hatuna kiingilio, na sioni sababu ya kuanza na filimbi.

Tutaanza na mirusho tu, wawili wawili, hatua kumi baina yao, mpaka kila mmoja aweze kurusha mara tano bila kuangusha. Mechi zitafuata baadaye, nami nitakaa kando chini ya mti. Nimekwisha waambia vijana kwamba wasinikimbilie mimi.

Kabla ya kuja, msome Mathayo 18:15-17, mahali Bwana wetu anapoeleza pa kuanzia pale ndugu anapokukosea, na ni lini wengine waitwe. Maswali ya kuzungumza katika kikundi ni haya mawili:

1. Kwa nini watu wengine hawaitwi tangu mwanzo?

2. Yule mtoto wa darasa la saba alipaswa kusema nini, na amwambie nani? Na mwalimu wake je, alipokwisha kujua?