Fidla ya Kifaransa? Fumba macho, tega masikio

Haya wadogo zangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo dada yenu nina neno na nyinyi mnaotamani kupiga fidla kwenye taarabu. Ukishatangaza tu kwamba watafuta fidla, hakosekani mtu wa kukuletea "ya Kifaransa, ya zamani". Atakuchungulisha tunduni uone karatasi iliyoandikwa Paris, au hata Stradivarius. Usikurupuke.

Mirecourt, Ufaransa, ndiko alikozaliwa fundi mkubwa Jean-Baptiste Vuillaume mwaka 1798. Lakini ni mji huohuo ambao viwanda vyake vilimwaga fidla za bei rahisi kwa maelfu, nyingi zikibandikwa majina ya mafundi mashuhuri. Karatasi haipigi muziki, mdogo wangu.

Na ukongwe? Mwaka 2012, karibu na Paris, wapigaji mahiri 10 walivishwa miwani ya giza wakajaribu fidla 12, nusu za kale za Kitaliano, nusu mpya. Sita kati yao walichagua mpya.

Basi fanya hivi. Nenda na fidla nyingine unayoijua, na mwenzako akae mwisho wa ukumbi, akupe mgongo. Piga kipande kilekile kwa zote mbili, usimwambie ipi ni ipi. Kisha panda noti moja moja kwenye kila uzi: mnene usikorome, mwembamba usikwaruze, na sauti isizame njiani. Halafu vuta upinde taratibu, kwa mkono mwepesi. Fidla nzuri hunong'ona na mwenzako kule akasikia. Mbovu hukupigia kelele wewe tu, chini ya kidevu. Mwisho ijaribu pamoja na udi na ngoma, uone kama haimezwi.

Igonge kwa kidole pembezoni. Gundi yake hutokana na ngozi za wanyama, na joto na unyevu wetu wa pwani huiachisha. Ukisikia mtetemo wa kibati, kuna mwanya. Huo fundi ataubana. Lakini ufa wa mgongoni, pale kinaposimama kijiti cha ndani, ukimbie. Na ukishanunua, usiiache ndani ya gari juani ukingoja feri.

Muuzaji akikuharakisha, mwambie utarudi kesho na mwalimu wako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.