Habari Isiyo na Msemaji

Mtu wa Kiembe Samaki atafutaye dereva mwaminifu wa kumpokea mgeni wake katika uwanja wa ndege haanzi kwa kusoma matangazo, huuliza watu. Zamani aliuliza barazani penye kahawa. Leo huuliza katika kundi la WhatsApp, na kikombe hakijapoa amekwisha kupata majina matatu. Hatuoni ubaya katika jambo hilo. Sifa njema ni mali ya dereva, na jirani aitajaye amewafaa watu wawili kwa mara moja.

Lakini barazani twamjua asemaye: kama ni shemeji wa dereva, kama wana deni baina yao, kama ni mtu wa kutia chumvi. Katika simu neno hupita mikono mingi hata asili yake ikapotea. Wenye WhatsApp wenyewe waliiona hatari hiyo; tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi hauwezi kupelekwa ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa safari moja.

Wengine watasema kosa ni la simu. Sivyo. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulitoka Pemba ukavuka hadi Unguja kwa midomo mitupu, na watu wazima wakalala nje karibu na moto. Katika hofu ile, kijana mgonjwa wa akili aliyetoka bara aliuawa mjini na watu waliomdhania kuwa ndiye. Walikuwa na ushahidi gani, isipokuwa maneno ya kuambiwa?

Amri ya nane yakataza kusingizia. Hilo twalijua tangu utotoni. Katekisimu yataja pia hukumu ya haraka, yaani kusadiki, hata kimoyomoyo, kosa la jirani bila msingi wa kutosha. Basi yule apelekaye neno akiandika, "Sijui kama ni kweli, nimeletewa tu," hajajitoa katika kosa. Kama hajui, mbona apeleka?

Na ikiwa tumekwisha kueneza kwamba dereva fulani ameiba mzigo, kisha mzigo ukaonekana, haitoshi kuufuta ujumbe katika simu zetu. Yatupasa kurudi katika kundi lile lile, tuandike kwa majina yetu kwamba tulikosea. Na mgeni wetu ajaye, tumwite dereva huyo huyo akampokee.