Kuhama Nyumba: Elewaneni Kabla Mzigo Haujapanda Lori

Mwisho wa mwezi Mombasa una dalili zake. Kanta zenye magodoro juu hujipanga daraja la Nyali, mikokoteni huteremsha makabati Majengo, na kwenye foleni ya feri ya Likoni haikosekani pikapu iliyobeba friji na makochi. Ni watu wanaohama.

Wengi hufika salama. Wengine hufika nyumba mpya na kukuta bei imebadilika njiani. Chukua mfano wa familia inayotoka Likoni kwenda Bamburi. Imeelewana na dereva kwa simu kwamba italipa Sh8,000. Mizigo ikishapakiwa na feri ikishavukwa, dereva anasema vitu ni vingi kuliko alivyoambiwa, malipo ya feri hayakuhesabiwa, na vijana waliobeba wanataka chao kando. Sasa anadai Sh14,000, la sivyo turubai halifunguliwi. Jua linazama, watoto wana njaa, na godoro limo ndani ya lori.

Familia hiyo haina tena nguvu ya kubishana. Kabla ya kupakia, mteja anaweza kusema “hapana” na kutafuta mwingine. Baada ya kupakia, mwenye lori ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo kampuni inayoaminika hutambulika mapema: inakubali kuweka bei na masharti kwa maandishi kabla haijagusa hata kiti kimoja.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, maelezo ya kutosha kuhusu huduma hiyo, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro zake.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inagusa moja kwa moja kisa cha lori lililofungwa turubai. Inasema kwamba kutumia mali ya mteja iliyo mikononi mwako ili kumshinikiza akubali masharti mapya ya malipo ni mwenendo usio wa haki, na mwenendo huo umepigwa marufuku. Sheria hiyo pia inamwekea mipaka mtoa huduma anayetoa makadirio kisha akadai zaidi.

Hata hivyo, haki ya mteja ina upande wa pili. Kampuni nayo ina haki ya kulipwa kile kilichoafikiwa, na mteja aliyeficha nusu ya mzigo hana msingi wa kulalamika bei ikiongezwa. Maandishi huwalinda wote wawili.

Jinsi kampuni yenye maadili inavyofanya kazi

Kwanza, huja kuona mzigo au huomba video ya kila chumba. Huuliza maswali: nyumba iko ghorofa ya ngapi? Ngazi ni pana? Lori linafika mlangoni? Katika vichochoro vya Mji wa Kale, kwa mfano, lori huishia mbali na mlango na safari humalizika kwa mkokoteni. Anayetaja bei bila kuuliza lolote ama anabahatisha, ama anajua ataibadilisha baadaye.

Pili, huandika bei na kueleza kilichomo: gari, wabebaji, maboksi, kufungua na kufunga vitanda, malipo ya feri kama safari inapita Likoni, na maegesho. Pia huandika kisichokuwemo. Bei iliyo chini sana kuliko za wengine wote inafaa kuulizwa imepunguziwa wapi.

Tatu, hueleza nani atalipa kitu kikivunjika. Kuna bima ya mali iliyo safarini, na kampuni iliyo nayo haioni taabu kuonyesha hati yake. Isiyo nayo, iseme wazi, ili mteja aamue kama atasafirisha televisheni yake mwenyewe.

Nne, huwatunza wafanyakazi wake. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, mwajiri anatakiwa kuwakatia wafanyakazi wake bima. Kijana akianguka ngazini akiwa amebeba mashine ya kufulia, mzigo huo ni wa mwajiri. Kampuni inayowaokota wabebaji barabarani asubuhi hiyo hiyo pia haiwezi kukwambia ni akina nani walioingia chumbani kwako.

Tano, hutunza siri. Mhamishaji anajua unakohamia, una vitu gani, na mlango wako unafungwaje. Kampuni makini haiweki picha za nyumba ya mteja mitandaoni bila ruhusa yake. Taarifa za mtu binafsi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Hakiki kabla ya kulipa

Utoaji wa leseni za biashara ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Omba kuona kibali cha biashara, kisha soma jina, aina ya biashara na mwaka wake. Kibali hakithibitishi kwamba mtu ni mwaminifu, lakini kinaonyesha kwamba biashara inajulikana na ina mahali inapopatikana.

Usajili wa kampuni unaweza kuthibitishwa kupitia eCitizen, kwenye Huduma ya Usajili wa Biashara. Unapolipa kwa M-Pesa, linganisha jina linalotokea kwenye simu na jina lililo kwenye makubaliano. Ukiambiwa utume kwa nambari ya “meneja” yenye jina jingine, simama kwanza. Malipo ya awali yawe sehemu ndogo tu, tena kwa risiti, na salio lilipwe mzigo ukishashushwa.

Uliza pia watu wawili au watatu waliohamishwa karibuni. Msimamizi wa ploti mara nyingi anajua ni nani hufika kwa wakati na ni nani huacha makochi yamechanika.

Si kila mhamishaji ana ofisi. Mwenye kanta wa stejini na msukuma mkokoteni wanaweza kuwa waaminifu kabisa, na kwa safari fupi huenda ndio wanaofaa. Kwao pia andika: jina, nambari ya simu, nambari ya gari, bei na kilichomo. Ujumbe mmoja wa simu ambao wote wawili wameukubali unatosha kuanzia.

Siku yenyewe

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika orodha ya vitu, piga picha vile vya thamani kabla havijafungwa, na upige picha nambari ya gari. Vitambulisho, vyeti, hatimiliki, dawa, dhahabu na pesa visipande lori, vibebe mwenyewe. Mtu mmoja wa familia abaki nyumba ya zamani hadi kitu cha mwisho kitoke, na mwingine apokee upande wa pili akiwa na nakala ya orodha. Usitie sahihi kwamba vyote vimefika salama kabla ya kuvikagua.

Mambo yakiharibika

Anza na kampuni yenyewe: toa malalamiko kwa maandishi siku hiyo hiyo, pamoja na picha. Ukinyimwa mali yako kwa vitisho, au vitu vikitoweka, piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu na uchukue nambari ya OB.

Kwa hasara ya pesa au mali iliyoharibiwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi iwasilishwe. Utakachohitaji huko ni vitu vile vile: makubaliano, risiti, orodha na picha.

Maswali matano ya kumuuliza mhamishaji

1. Utakuja kuuona mzigo kabla ya kutaja bei?
2. Bei hii inajumuisha nini, na haijumuishi nini?
3. Kitu kikivunjika au kupotea, nani atalipa?
4. Wabebaji ni wafanyakazi wako?
5. Utayaandika haya yote na kutia sahihi?

Akisita kwenye swali la tano, mtafute mwingine mapema. Wakati huo vitu vyako bado vimo ndani ya nyumba yako.