Mbu na Ndege wa Kinamasi

Katika ghuba ya San Francisco, Marekani, watu walijenga matuta ili wavune chumvi ya bahari. Mwaka 2003 ekari 15,100 za mashamba hayo zilichukuliwa na serikali. Matuta mengine yakabomolewa, bahari ikarudi, majani yakaota.

Ndege nao wapo. Mmoja, mwenye umbo la kuku na mdomo mrefu, ni adimu sana. Hujenga kiota chini, kati ya majani. Ukipita ovyo utayakanyaga mayai usiyaone.

Je, kila penye maji ya bahari pana mbu? Hapana. Maji yanayojaa na kupwa kila siku hayatuami, tena samaki huingia wakala viluwiluwi. Hatari ni kidimbwi kinachofikiwa na bamvua tu. Mbu wa huko hutaga kwenye tope bichi. Bamvua likija, mayai huanguliwa kwa wingi. Kwa hiyo vidimbwi huunganishwa na bahari kwa mifereji. Kazi hii ifanywe ndege wasipokuwa wakitaga.

Na wakiwa wanaatamia? Viluwiluwi hawangoji! Wapimaji huchota maji kwa kata yenye mpini mrefu, wakawahesabu. Wakiwa wengi, hutiwa dawa ya Bti, itokanayo na bakteria waliogunduliwa Israeli mwaka 1976. Kiluwiluwi akila, tumbo huharibika, afe. Ndege hadhuriki. Lakini kiluwiluwi aliyekaribia kugeuka mbu haachi nafasi: amekwisha acha kula. Ukichelewa siku mbili tatu, umeimwaga dawa bure.